Jinsi ya kutembelea Msitu wa Ngezi, Pemba, na magofu ya Haruni kwa siku moja

Kila likizo ya skuli ikikaribia, maswali ni yale yale. Ngezi iko wapi hasa? Nikienda peke yangu nitaruhusiwa kuingia? Watoto wataweza kutembea? Popo wanaonekana mchana? Kuna nyoka? Na lipo lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: ni kweli msitu una wenyewe? Nimeyakusanya yote hapa kwa mpangilio wa safari yenyewe, ili anayetoka Dar, Mjini Unguja, au hata Mkoani na hajawahi kuvuka Konde, atoke nyumbani akijua anachokifuata.

Wapo Wapemba wengi waliozaliwa Wete na Chake, wakasoma na kuoa huko huko, na Ngezi wanaijua kwa jina tu. Wengine wanadhani ni pahala pa wageni wa mahotelini. Sivyo. Mwenyeji anaingia, analipa kiingilio chake, anatembezwa kama mtu mwengine yeyote, na kwa Kiswahili anapata maelezo ambayo mgeni hayapati hata akilipa mara kumi.

Nadharia ni kidogo tu. Ngezi iko kaskazini magharibi ya Pemba, Wilaya ya Micheweni, kwenye barabara itokayo Konde kwenda Verani na Ras Kigomasha. Ni sehemu kubwa kuliko zote iliyobakia ya msitu wa asili wa kisiwa hiki. Kwengine kote miti ilikatwa kupisha mashamba na mikarafuu, hasa baada ya kimbunga cha 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama. Tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zikawa zinatoka huku, na vilima vyetu vikageuka mashamba. Kwa hiyo ukiingia Ngezi unaona sura ya Pemba ilivyokuwa kabla ya karafuu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Kitambulisho. Viwango vya mwenyeji na mgeni kwa kawaida hutofautiana katika hifadhi zetu, na bila kitambulisho huna cha kuonesha.
- Pesa taslimu, tena za noti ndogo ndogo. Konde ndipo pahala pa mwisho pa kununua chochote kabla ya msitu. Usitegemee kutoa pesa mbele ya hapo.
- Viatu vya kufunga vyenye soli inayoshika. Ndara ziache nyumbani. Njia ina mizizi, ina tope, na kuna sehemu maji yanapita.
- Suruali au gauni refu, na mikono mirefu. Ni kinga ya mbu, miiba na upupu, na pia ndiyo heshima ya vijiji utakavyopita.
- Maji, angalau lita moja na nusu kwa kila mtu. Ndani ya msitu hakuna upepo, na jasho linatoka kuliko unavyofikiri.
- Chakula cha kushika mkononi: mandazi, chapati, ndizi, njugu.
- Dawa ya mbu.
- Tochi, hata kama huna nia ya kukaa hadi usiku. Kwa wanaokwenda kumtafuta bundi, tochi mbili.
- Mfuko usiopitisha maji wa kuhifadhia simu mvua ikinyesha, na mwengine wa kurudishia taka zako.
- Darubini ukiwa nayo. Ukiwa huna, kuna mwenzio anayo, muazime.

Usibebe spika ya muziki. Nalisema mapema kwa sababu vikundi vya vijana huja nayo, kisha wanalalamika kwamba hawakuona mnyama hata mmoja.

Hatua kwa hatua

1. Chagua msimu na siku.

Pemba ina mvua kuliko Unguja. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za msituni zinakuwa tope tupu na vijito vinajaa. Kama ni mara yako ya kwanza, usiende wakati huo. Vuli, kiasi cha Oktoba hadi Disemba, mvua huja na kupita, unaweza kwenda ila ujiandae kurowa. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndiyo bora kwa familia: hewa ni nzuri na ardhi imeanza kukauka. Januari na Februari ni kukavu lakini joto linachosha.

Kuhusu siku: Ijumaa shughuli hupungua kuanzia saa tano hivi, watu wanajitayarisha kwa sala. Ukienda Ijumaa, ingia mapema sana au ingia baada ya sala, usifike getini saa sita ukatarajia kuhudumiwa. Mwezi wa Ramadhani unaweza kwenda, lakini mikahawa ya Konde mchana imefungwa, na kula hadharani njiani ni kuwavunjia watu heshima.

2. Toa taarifa kabla ya kufika.

Msitu uko chini ya idara ya misitu ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ukiwa mtu mmoja au wawili unaweza kujitokeza getini asubuhi ukapokelewa. Ukiwa na kikundi, skuli, au unataka matembezi ya usiku, peleka taarifa siku moja au mbili kabla, kupitia ofisi ya misitu au mwenyeji wako wa Konde. Watembezaji si wengi, na wengine wana mashamba yao ya kushughulikia.

3. Fika Konde asubuhi.

Kutoka Unguja unakuja kwa boti au kwa ndege. Boti nyingi zinafunga gati Mkoani, kusini kabisa ya kisiwa, nawe unakwenda kaskazini kabisa, kwa hiyo usipange kushuka boti na kuingia msituni siku hiyo hiyo. Lala Chake au Wete. Asubuhi panda gari ya abiria ya Konde. Zipo kutoka Chake na kutoka Wete. Wete ni karibu zaidi, na anayelala huko anaweza kuwa getini saa mbili asubuhi bila ya haraka.

Panda gari ya mwanzo mwanzo. Wanyama na ndege wanatembea asubuhi na jioni. Saa sita mchana msitu umelala, na wewe utaona majani tu.

4. Kutoka Konde hadi getini.

Ni kilomita chache. Chukua bodaboda, kodi gari, au tembea kama una nguvu za kutosha na siku ndefu. Kosa la kawaida hapa ni kumlipa dereva nauli ya kwenda na kumuacha aondoke bila ya mapatano ya kurudi. Patana kabisa: atakuja saa ngapi, atasubiri wapi, na ukienda mpaka pwani ya Vumawimbi itakuwa kiasi gani. Chukua namba yake ya simu, na umpe yako.

Barabara yenyewe inapita katikati ya msitu. Mvule na miti mengine mirefu inakutana juu, na hata kwenye jua kali unahisi baridi ghafla. Mwambie dereva apunguze mwendo kuanzia hapo. Tumbili na paa huvuka bila ya taarifa.

5. Jiandikishe, lipa, chukua risiti.

Jina linaandikwa kitabuni. Usilione jambo hili ni usumbufu: kitabu hicho ndicho kinachojulisha kwamba uliingia na hujatoka. Risiti ni haki yako, na pesa iliyokatiwa risiti ndiyo inayohesabika kuwa mapato ya msitu.

6. Ingia na mtembezaji.

Watu hubishana sana hapa. "Mimi mtoto wa Pemba, msitu nitaujua." Sikatai kwamba wewe ni mtoto wa Pemba. Lakini njia ndani ya Ngezi hazina vibao kila pahala, majani yanazifunika haraka, na ukishaacha njia kuu kila upande unafanana na mwengine. Zaidi ya hapo, bila ya mtembezaji hutaona kitu. Yeye ndiye anayejua mti gani unazaa wiki hii na nani anakuja kula.

Kabla ya kuanza mwambie mambo matatu: una muda gani, una watoto au mzee, na unataka kuona nini zaidi. Njia fupi ya mzunguko ina urefu wa kiasi cha kilomita mbili, na inatosha familia yenye watoto wa skuli. Usiikimbie. Kilomita mbili za Ngezi zikitembewa inavyotakiwa zinachukua saa moja na nusu au mbili. Wenye nguvu waombe kwenda ndani zaidi, mpaka kwenye maeneo ya maji.

7. Tembea kimya, na uangalie haya.

Hatua hii ndiyo safari yenyewe, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Anza na miti. Mtembezaji atakuonesha mpapindi, jamii ya mnazi na mpopoo, wenye shina jembamba lenye pingili. Asili yake ni Pemba. Ukiuona Ngezi simama uutazame vizuri. Muulize pia kuhusu migomba mwitu. Migomba ya aina hiyo asili yake ni Asia ya Kusini Mashariki, ndizi zake zina mbegu tele, na kuwepo kwake kwenye kisiwa hiki kunawafanya wataalamu wajiulize ilivukaje bahari yote ile. Kumbuka jambo hilo utakapofika Tumbe mchana, penye makaazi ya kale.

Angalia pia jinsi msitu unavyobadilika chini ya miguu yako. Penye udongo mzito na maji, miti ni mirefu na giza linaingia. Penye mchanga mweupe uliokwisha rutuba, miti inakuwa mifupi na vichaka vinatawala. Ukisogea pwani unakuta mikoko. Watu hutembea wakiangalia juu peke yake wakayakosa yote haya.

Ndege wanne ni wa Pemba tu, hawazaliani pahala pengine duniani: bundi wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba na kinengenenge wa Pemba. Chozi na kinengenenge utawaona kwa urahisi, hata mashambani na kwenye viambo. Ninga anataka subira. Msikilize kwenye miti inayozaa. Bundi ni wa magharibi na usiku, nitamrudia.

Kisiwa kidogo kimepata viumbe wa peke yake namna hii kwa sababu Pemba imetenganishwa na bara kwa mkondo wa kina kirefu sana, na utengano huo ni wa zamani mno kuliko wa Unguja. Kwa sababu hiyo hiyo wanyama wakubwa ni wachache. Usije ukitafuta nyati.

Wapo tumbili, wapo komba wa usiku, wapo paa wadogo aina ya chesi wanaokimbia kabla hujawaona vizuri. Wapo nguruwe mwitu pia, na alama za kuchimba kwao utaziona kwenye udongo laini. Kima punju wapo wachache. Hao asili yao ni Unguja. Waliletwa Ngezi miaka ya 1970 kwa nia ya kuwaongezea makaazi, wakabaki kidogo. Kuwaona ni bahati. Anayetaka kima punju kwa uhakika aende msitu wa Jozani, Unguja.

Halafu popo. Popo wa Pemba ni mkubwa, mabawa yake yakitanuliwa yanafika kiasi cha mita 1.6, na kifua na kichwa chake vina rangi ya kahawia nyekundu inayong'aa juani. Hayupo pengine popote isipokuwa hapa kwetu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 alikuwa amewindwa kwa ajili ya nyama na miti yake ya kulala imekatwa kiasi cha watu kuhofia kwamba anatoweka. Kilichomuokoa ni wanavijiji wenyewe, waliounda vikundi vya kulinda miti anayolala, na leo idadi yake imepanda sana. Jambo hili nalisimulia kwa kila mtu, kwa sababu watu wetu ndio waliolifanya, kwenye vijiji vyao. Popo hula matunda na kutawanya mbegu. Msitu unapandwa naye.

Mchana popo wanalala wakining'inia. Usipige kofi ili waruke upate picha. Wanaporushwa mchana wanachoka, na watoto wao wanaweza kuanguka.

Mwisho, kama njia yenu inapita huko, omba kuoneshwa mabaki ya kiwanda cha kupasulia mbao cha zama za ukoloni. Chuma kimeoza na mizizi imekizonga. Tazama kilipojengwa, kisha tazama mivule iliyosalia. Utaelewa ni miti gani ilikuwa inafuatwa.

8. Heshimu sehemu za wazee.

Nijibu sasa lile swali la sauti ya chini. Vijiji vinavyouzunguka msitu vina sehemu wanazoziheshimu tangu zamani, ndani na pembeni ya Ngezi. Ukikuta vitambaa, chetezo, chungu au sahani iliyowekwa chini ya mti, usiguse, usipige picha, usicheke. Mtembezaji akikwambia hapa hatupiti, usipite na usimshurutishe akupe sababu. Huhitaji kuamini chochote ili kuwa na adabu kwenye nyumba ya mtu.

9. Pumzikia Vumawimbi.

Ukitoka upande wa pili wa msitu, barabara inaendelea kaskazini kwenye rasi. Pwani ya magharibi ni Verani, mashariki ni Vumawimbi, na kwenye ncha ni Ras Kigomasha penye mnara wa taa. Nenda Vumawimbi mle chakula chenu. Mchanga ni mweupe na mrefu, kivuli ni kidogo, maduka hakuna. Upande huo unatazama bahari kubwa. Wakati wa upepo usiwaachie watoto waende kifuani mwa maji. Mkiogelea, ogeleeni na nguo za stara. Wavuvi na akina mama wa pwani wanapita hapo kila saa.

10. Rudi kwa njia ya Konde, uende Haruni na Tumbe.

Wengi wanamaliza pwani. Wanaacha nusu ya safari. Kati ya Konde na Tumbe kuna magofu ya Chwaka, ambayo watu wanayaita magofu ya Haruni. Usiyachanganye na Chwaka ya Unguja. Ni mji wa mawe uliokaliwa kuanzia kiasi cha karne ya 11 hadi kiasi cha mwaka 1500. Utaona mabaki ya misikiti na makaburi, na lipo kaburi linalosemwa kuwa la Haruni mwenyewe.

Haruni, kwa masimulizi, ni mtoto wa Mkame Ndume, mtawala wa Pujini aliyeogopwa kisiwa kizima. Wazee wanasimulia kwamba aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ngome yake huku wakijikokota kwa makalio. Pujini iko kusini mashariki ya Chake, ni safari ya siku nyengine, lakini kisa hiki waelezeni watoto hapo hapo penye kaburi. Watauliza maswali mengi kuliko darasani.

Jirani na hapo, Tumbe, palikuwa na makaazi ya zamani zaidi, kati ya karne ya 7 na ya 10. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta vitu vingi vya kusagia shanga za kombe, ushahidi kwamba watu hapa walikuwa wakitengeneza mali zao wenyewe na kufanya biashara, muda mrefu kabla ya Mreno kufika. Juu ya ardhi hakuna la kuona zaidi ya mashamba. Kwa hiyo usipite ukiulizia majumba. Teremka mpaka diko la Tumbe, uangalie vyombo na samaki. Asubuhi ndiko kunakochangamka, lakini hata alasiri hukosi kitu cha kununua cha kupeleka nyumbani.

Magofuni usipande juu ya kuta na usichukue kigae hata kimoja. Kigae kikishatolewa pahala pake hakielezi tena kitu.

11. Rudi kabla ya magharibi, au ukubali kubaki.

Magari ya Konde hupungua sana jioni. Ukishaanza kusikia adhana ya magharibi hujapanda gari, hesabu kwamba utalipa gari ya kukodi. Kwa hiyo amua asubuhi: ama unarudi alasiri, ama unabaki kwa ajili ya bundi.

Kwa wanaobaki: bundi wa Pemba anaanza kulia giza linapoingia, sauti moja fupi, kimya, kisha moja tena. Mtembezaji anajua anakokaa. Tembeeni kwa tochi iliyoelekezwa chini, zimeni mkimsikia, na mkimpata msimmulike machoni kwa muda mrefu. Usafiri wa kurudi uwe umeshalipiwa nusu, na dereva ajue kwamba mtatoka saa mbili au tatu usiku.

Makosa yanayorudiwa kila mara

Kuwapa tumbili chakula. Tumbili aliyezoea mkate wa mgeni anakwenda kuuchukua jikoni kwa mwanakijiji, na huko anapigwa. Kuacha mfuko wa mandazi wazi ni sawa na kuwapa.

Kukata kijiti cha kutembelea. Ni msitu wa hifadhi; hukati, huchumi, hung'oi mche kwenda kupanda kwako. Fimbo njoo nayo.

Kupanga Ngezi, Vumawimbi, Haruni, Tumbe, Pujini na Kidike (kijiji cha popo, karibu na Chake) kwa siku moja. Hutaona hata kimoja vizuri. Siku moja ni Ngezi na kaskazini. Siku ya pili ni Chake na kusini.

Kuwasha sigara. Majani makavu ya kaskazi hayahitaji zaidi ya hiyo.

Ukikwama

*Nimefika getini na hakuna mtu.* Usiingie. Subiri kidogo, mtembezaji anaweza kuwa ndani na wageni wengine. Dereva wa bodaboda wa Konde kwa kawaida anamjua mhusika na anaweza kumpigia. Kwenye barabara kuu unaweza kutembea taratibu ukisubiri. Hapo hupotei na ndege wapo.

*Mvua imeshuka tukiwa ndani.* Msisimame chini ya mti mkubwa mkavu, matawi huanguka. Rudini kwa njia mliyojia, msikate njia ya mkato kupitia bondeni.

*Mwili unawasha ghafla.* Pengine ni upupu. Usikune, usisugue kwa mkono, unavisambaza vinyweleo. Toka kwenye kichaka, kung'uta nguo mbali na wenzio, osha kwa maji mengi yanayotiririka na ubadili shati ukiweza. Usiguse macho.

*Siafu wamepanda miguuni.* Ondokeni mbio pale mliposimama kwanza, halafu ndiyo mtoe mmoja mmoja. Ukibaki unatoa papo hapo wengine wanazidi kupanda.

*Nimeona nyoka.* Simama, rudi nyuma pole pole, mwambie mtembezaji. Nyoka wa msituni anataka njia ya kukimbilia, muachie. Mtu akiumwa, asikatwe, asifyonzwe, asifungwe kamba ya kubana; atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali kwa gari haraka iwezekanavyo.

*Nimepotezana na wenzangu.* Kaa ulipo. Piga ukelele kila baada ya muda, au piga simu ukipata mtandao. Ukisikia gari au pikipiki, hiyo ndiyo barabara; elekea huko ikiwa tu sauti iko karibu na njia ni wazi.

*Sikuona popo.* Hutokea, wanahama kwa kufuata matunda. Kesho yake pitia Kidike, kaskazini ya Chake, ambako wanakijiji wanatunza kundi lao na popo wanaonekana mchana kwa ukaribu. Nenda asubuhi au alasiri, na kiingilio uwalipe wanakijiji wenyewe.

*Mtoto amechoka katikati ya njia.* Mwambie mtembezaji mapema, usisubiri mpaka mtoto alie. Njia ya mzunguko ikishapita nusu, kuendelea mbele ni karibu kuliko kurudi. Mpe maji, mpe ndizi, na mpumzike palipo wazi, si juu ya gogo lililooza, maana humo wamo ng'e na tandu.

*Gari ya mwisho imeondoka.* Uliza penye msikiti au duka lililo wazi Konde, si kwa mtu wa njiani usiku. Kuna kila mara mwenye gari anayekwenda Wete, na nauli ikigawanywa watu wanne inabebeka.